Kitabu cha Maswali na Bisibisi

Vijana wengi wanaoutaka ufundi wa kompyuta hujiandaa kwa cheti cha CompTIA A+, kilichoanza kutolewa Marekani mwaka 1993. Mitihani yake ni miwili. Kila mmoja hauzidi maswali 90, kwa dakika 90. Anayeshindwa hulipa ada upya. Ndiyo sababu vitabu vya maswali ya mazoezi hununuliwa kwa pupa.

Hatuvilaumu. Kitabu kizuri humweleza msomaji kwa nini jibu hili ni sahihi na yale mengine sivyo. Humzoesha pia kwenda na saa. Tunachokikataa ni kukariri herufi za majibu. Sisi tuliopita chuoni twakumbuka jinsi mtoto alivyoweza kusoma juzuu nzima kwa ghibu asijue maana ya neno moja. Lakini mtihani huu una maswali ya vitendo pia: mtahiniwa huonyeshwa hitilafu kwenye skrini, akatakiwa airekebishe papo hapo. Hapo herufi B haimfai kitu. Wako na wauzao maswali yaliyoibwa mtihanini. Mwenye kuyatumia aweza kunyang'anywa cheti.

Ndugu kijana, ukikosa swali la printa, kifunge kitabu, ukaifungue printa.