Mke wa askari na mikweche ya Guam

Familia ya askari wa Marekani inapohamishiwa Guam, serikali huigharamia kusafirisha gari moja tu, nalo hukaa wiki nyingi melini. Wakati huo mume anatakiwa kazini alfajiri, watoto wana shule, na usafiri wa basi kisiwani ni wa kubahatisha. Ndiyo maana shughuli ya kwanza ya mke, kabla hata ya kufungua masanduku, huwa ni kutafuta mkweche wa kununua. Huuziwa na familia inayofungasha kuondoka: kiyoyozi kinapiga kelele, kioo cha nyuma hakishuki, na kutu ya hewa ya chumvi imeshatoboa bodi. Wakazi huyaita magari hayo mabomu ya Guam. Familia ikihamishwa tena, bomu huuzwa kwa wageni wapya, mpaka siku litakapogoma kabisa.

Barabara nazo zina masharti yake. Kokoto zake ni za matumbawe, na mvua ikinyesha lami huteleza vibaya. Mwendo wa juu katika sehemu kubwa ya kisiwa ni kama kilomita 56 kwa saa. Aliyezoea barabara kuu za Texas hujiona anatambaa.

Guam iko magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, ina urefu wa kilomita 48 hivi, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 153,836. Marekani iliichukua kutoka kwa Wahispania mwaka 1898. Wajapani waliiteka Desemba 1941, Wamarekani wakarudi tarehe 21 Julai 1944, na tangu hapo jeshi halijaondoka. Leo zaidi ya robo ya ardhi ya kisiwa iko mikononi mwake. Kaskazini kuna kambi ya anga ya Andersen, magharibi kuna bandari ya Apra yenye nyambizi, na mwaka 2020 iliongezwa Camp Blaz, kambi ya wanamaji wa nchi kavu wanaohamishwa kidogo kidogo kutoka Okinawa, Japani.

Kwa mgeni, hapo ndipo picha za matangazo ya utalii huanza kudanganya. Bahari ni ya samawati kweli na minazi ipo. Lakini mke wa askari (walio wengi ni wanawake, ingawa wapo waume wanaowafuata wake zao) hakuja kupumzika. Amekuja kuendesha nyumba mahali ambapo karibu kila kitu hushushwa kutoka melini.

Chukua mboga. Sheria ya mwaka 1920 inataka bidhaa zinazosafirishwa baina ya bandari za Marekani zibebwe na meli za Marekani, na Guam imo ndani ya sheria hiyo. Kwa hiyo kontena nyingi za vyakula hutoka pwani ya magharibi ya Marekani na kuvuka Pasifiki nzima, ingawa Manila iko jirani zaidi. Saladi hufika imechoka. Maziwa huwa ghali. Meli ikichelewa, mke hujua kwa kutazama rafu kabla hajasikia habari.

Hata hivyo yeye ana kitambulisho kinachomfungulia duka la jeshi, ambako bidhaa huuzwa karibu na bei ya kununulia, na juu yake asilimia 5 tu ya kuendesha maduka. Mumewe hupewa pia posho ya ughali wa maisha, na wakipanga nyumba mtaani hupewa posho ya pango. Wenye nyumba wanakijua kiwango cha posho hiyo. Wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba pango hupandishwa kumfuata askari, na mwalimu au muuza duka aliyezaliwa hapo hubaki akishindana na mfuko wa serikali. Lalamiko hilo lina mashiko, na mke aliyeishi mtaani hulisikia mapema kuliko aliyejifungia kambini.

Ndani ya nyumba adui wa kwanza ni unyevu. Joto hucheza kati ya nyuzi 24 na 32 mwaka mzima, na viatu vya ngozi vikiachwa kabatini mwezi mmoja huota ukungu. Mashine ya kukausha hewa hunguruma mchana kutwa, na ndoo yake lazima imwagwe.

Adui wa pili haonekani kwa urahisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyoka wa kahawia wa mitini aliingia kisiwani, yamkini akiwa amejificha katika shehena za jeshi. Hakukuwa na wa kumla, naye akala ndege. Kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, aina 10 zilitoweka kisiwani. Mgeni anayetembea msituni asubuhi hushangazwa na ukimya, kisha na buibui: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa majira ya mvua buibui wa Guam huweza kufika mara 40 ya wale wa visiwa jirani, kwa kuwa ndege waliokuwa wakiwala hawapo. Nyoka hao hupanda pia nyaya za umeme, wakasababisha hitilafu na mtaa ukaingia gizani. Serikali imewahi kudondosha kutoka angani panya waliokufa, kila mmoja akiwa na miligramu 80 za dawa ileile ya maumivu ambayo mama humpa mtoto mwenye homa; kwa nyoka ni sumu. Na siku familia inapohama, mbwa wa kunusa hukagua samani zake ili nyoka asisafiri nazo hadi Hawaii.

Mbwa wa familia, kwa upande wake, ana safari yake ngumu. Guam haina kichaa cha mbwa, na mnyama ambaye hakufanyiwa vipimo vya damu na chanjo mapema huwekwa karantini hadi siku 120.

Halafu kuna suala la kazi. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 2021 ulikuta kuwa asilimia 21 ya wenzi wa askari walio katika soko la ajira hawakuwa na kazi. Sababu kubwa ni uhamisho wenyewe: muuguzi huhama kila miaka miwili au mitatu, na kila anakokwenda leseni huanza upya. Sheria ya shirikisho ya Januari 2023 ilikusudia kulegeza kikwazo hicho kwa kutaka leseni za wenzi wa askari zitambuliwe wanakohamia. Wengine hujaribu kubaki na mwajiri wa zamani kwa njia ya intaneti, lakini saa za Guam hazina huruma. Majira ya baridi kisiwa huwa mbele ya Virginia kwa saa 15. Kikao cha saa tatu asubuhi huko ni saa sita usiku kwa mama aliyelaza watoto na ambaye ataamka alfajiri kuwafungia chakula cha shule.

Kwa wake wa mabaharia wa nyambizi kuna zito zaidi ya hayo. Chombo hutoweka kwa miezi. Hakuna simu, barua pepe hupokelewa kwa mafungu pale chombo kinapoweza kuzipokea, na tarehe ya kurudi haitangazwi. Gari likiharibika, mtoto akilazwa au baba mkwe akifariki kule bara, uamuzi ni wa mke. Mwaka 1970 Admirali Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa jeshi la wanamaji, alianzisha utaratibu wa kila kikosi kuwa na mjumbe wa familia anayeteuliwa na kamanda, kwa kawaida mke wa mmoja wa askari. Ni kazi ya kujitolea. Mjumbe huyo hupigiwa simu usiku na mwenzake anayelia, hujua nani amejifungua na nani hana fedha, na hupeleka shida kwa kamanda bila kuzitangaza. Jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani limeegemeza sehemu ya utulivu wake kwenye kazi hiyo isiyo na mshahara.

Kipimo kikali cha maisha hayo ni kimbunga. Guam hutumia ngazi nne za tahadhari, na ya nne ndiyo hali ya kawaida ya mwaka mzima. Kwa maneno mengine, hakuna siku isiyo na tahadhari. Ikifika ya kwanza, upepo wa hatari unatarajiwa ndani ya saa 12 na hakuna kutoka nje. Kabla ya hapo mke huwa amejaza maji ndoo na bafu, amenunua mafuta ya jenereta, amegandisha chupa za maji na kuziba madirisha. Nyumba nyingi ni za zege, mtindo ulioenea baada ya kimbunga Karen cha mwaka 1962 kubomoa nyumba za mbao na mabati.

Tarehe 24 Mei 2023 kimbunga Mawar kilipiga kaskazini mwa kisiwa. Kuta zilihimili, huduma hazikuhimili: kati ya wateja wapatao 52,000 wa umeme, kama 1,000 tu ndio walikuwa nao baada ya upepo kupita. Mitaa mingine ilikaa wiki kadhaa bila umeme wala maji ya uhakika. Agosti ilipofika, shule kadhaa za umma zilichelewa kufunguliwa kwa kuwa majengo yake hayakupita ukaguzi wa afya. Watoto wengi wa askari, kwa upande wao, husoma shule za Wizara ya Ulinzi, zilizoanzishwa kisiwani mwaka 1997.

Inawezekana kabisa kumaliza miaka mitatu Guam bila kuionja. Kambini kuna duka, sinema, kanisa na bwawa la kuogelea. Anayetoka nje ya uzio Jumatano jioni, kwenye soko la usiku mjini Hagåtña, huona kisiwa kingine: wali mwekundu, nyama ya kuchoma, na kelaguen, yaani kuku wa kuchoma aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, pilipili na nazi mbichi. Nazi hiyo hukunwa kwa kigoda chenye meno ya chuma, na Mswahili yeyote angekitambua kuwa ni mbuzi. Kijana Mchamorro, yaani mwenyeji wa asili wa kisiwa, anayelelewa kwa mila huinama, akaushika mkono wa mzee na kuugusisha puani. Mke aliyealikwa kwenye sherehe ya mtakatifu wa kijiji hurudi na sahani zilizofunikwa, na mwaka unaofuata hatakosa msaada kimbunga kikija.

Majirani hao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1950, na kwa miaka mingi kisiwa chao kimekuwa miongoni mwa maeneo yanayotoa askari wengi zaidi kulingana na idadi ya watu. Novemba ya uchaguzi wa rais, mke wa askari kutoka Texas hutuma kura yake Texas kwa posta na huhesabiwa. Jirani yake Mchamorro naye hupiga kura ya urais, kwa kuwa Guam imefanya hivyo tangu mwaka 1980, lakini ni kura ya maoni tu: matokeo hutangazwa na hayaingii katika hesabu ya kumpata rais.