Msafara wa Elimu ya Afya

Visiwa vyetu na bara vimeunganishwa tangu kale na njia moja: kutoka Unguja hadi Bagamoyo, Bagamoyo hadi Tabora, na Tabora hadi Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe, nguo na watumwa. Ilipitisha maradhi pia. Kipindupindu kilipoishambulia Unguja mwaka 1869, Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapo, aliuchunguza mwendo wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1876 alionyesha kuwa ugonjwa huo ulifuata njia za biashara na misafara. Fundisho hilo halijachakaa: mtu wa Unguja hayuko salama iwapo kijiji cha Unyamwezi hakina maji safi wala choo.

Leo vyuo kadhaa hutoa shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa njia ya intaneti. Bwana afya wa Sikonge au Urambo aweza kusoma bila ya kukiacha kituo chake. Hilo si jambo dogo. Mtumishi akienda masomoni, pengo lake vijijini huzibwa kwa taabu. Na akirudi na shahada, mara nyingi mji humvuta.

Hata hivyo, elimu ya masafa si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Somo lilifaulu kwa kuwa halikuishia masikioni.

Kwa hiyo wakuu wanaohusika hawana budi kuyatazama mambo matatu. Kwanza, mtumishi apewe saa za kusoma, umeme na mtandao wa kutegemewa. Pili, shahada hiyo itambuliwe katika kupandishwa cheo, pasipo kumlazimisha mtu kuhamia mjini. Tatu, mtihani wake mkuu uwe kijijini: visima vilivyohifadhiwa, watoto waliochanjwa, vyoo vinavyotumika.

Misafara ya kale ilichukua mali ya bara ikaishusha pwani. Msafara huu wa elimu na ushushe mzigo wake kijijini.