Fahamu: Mvutano wa anga unavyofika Marangu

Wapo wageni wa Kilimanjaro wanaopitia Nairobi kabla ya kutua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa lango la Marangu. Njia hiyo ya angani ina siasa zake.

Nani hutoa ruhusa? Mkataba wa Chicago wa 1944 unatambua mamlaka ya kila nchi juu ya anga yake. Shirika la ndege la kigeni hutua kwa makubaliano ya serikali mbili.

Ilikuwaje 2024? Tanzania ililalamika kuwa Kenya imeinyima Air Tanzania kibali cha kusafirisha mizigo kutoka Nairobi hadi nchi ya tatu, kinyume cha makubaliano ya 2016. Januari 15, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ikatangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia Januari 22. Mawaziri wa mambo ya nje, January Makamba wa Tanzania na Musalia Mudavadi wa Kenya, wakazungumza. Kesho yake zuio likaondolewa.

Marangu inahusikaje? Zuio la 2024 lilihusu safari za Dar es Salaam, lakini Agosti 2020, katika mzozo wa UVIKO-19, Tanzania ilizuia, mbali na Kenya Airways, mashirika mengine ya Kenya: Fly540 na Safarilink. Mgeni asipofika kwa sababu ya zuio kama hilo, mgumu (mpagazi wa mlimani) hana mzigo wa kupandisha kwenye vibanda vya Mandara wala Horombo. Serikali zimalizane mezani kabla ya kufunga anga.