Kuchagua Kerezo na Vyombo Vyake: Maelezo kwa Wakulima wa Unguja

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno hayo ni kweli shambani, maana mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe lo lote alilo nalo. Lakini katika kazi ya kukereza miti mambo huenda kinyume. Asiyechagua vyombo vyake vema hawi mkereza. Atapoteza fedha zake, na pengine kidole chake pia. Kwa hiyo maelezo haya yameandikwa kwa ajili yako wewe mkulima, uliye na miti shambani na nafasi kidogo baada ya mavuno, ukitaka kuongeza pato la nyumba yako kwa kazi ya mikono. Yasome pole pole kabla hujafungua kibindo.

1. FAIDA YA KAZI HII

Mwembe ukiangushwa na upepo, au mfenesi ukizeeka usizae tena, desturi yetu ni kuupasua kuni. Kuni huisha siku moja. Mguu wa kitanda uliokerezwa vizuri hukaa miaka mingi, na bei yake haifanani na bei ya tita la kuni. Kadhalika mipini ya patasi, miguu ya viti na meza, bakuli, na viguzo vya ngazi na roshani, vyote ni kazi ya kerezo.

Ukienda mjini, pita Mji Mkongwe ukitazama juu. Utaona roshani za mbao katika nyumba nyingi, na hasa katika Zahanati ya Zamani pale Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nyumba zake zikitengenezwa yapasa zifuate umbo lake la asili. Kiguzo cha mbao kikioza, haifai kutia bomba la chuma mahali pake. Hapana budi atafutwe mtu ajuaye kukereza kingine mfano wake. Mtu huyo aweza kuwa wewe.

Walakini kumbuka jambo moja: usikate mti mzima kwa tamaa ya mbao. Mkarafuu haukatwi bila ya ruhusa, na miti mingine pia ina sheria yake. Muulize Sheha wako na afisa wa misitu kwanza, ndipo ushike shoka.

2. NI KEREZO GANI LIKUFAALO?

Yako makerezo ya namna tatu.

La kwanza ni kerezo la uta, ambalo mafundi wetu wa zamani walilitumia. Fundi huketi chini, huvuta uta kwa mkono mmoja, na upote huzungusha mti. Gharama yake ni ndogo, walakini mti huenda mbele na kurudi nyuma, na patasi hukata katika mwendo mmoja tu. Basi nusu ya nguvu hupotea.

La pili ni kerezo la mguu, lenye gurudumu zito na ubao wa kukanyagia. Mti huzunguka upande mmoja bila ya kurudi. Seremala mwema aweza kukutengenezea, nawe utahitaji kununua mhimili na beringi zake tu.

La tatu ni kerezo la umeme. Hili ni jepesi kwa mwili na la haraka kwa kazi, lakini lina masharti. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230 na mizunguko 50. Mota iliyotengenezwa kwa volti 110 itaungua ukiichomeka moja kwa moja. Na mota ya viwandani yenye kuhitaji nyaya tatu za umeme haitaenda kwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Soma kibati kilichopigwa ubavuni mwa mota kabla hujalipa.

Tena usisahau yaliyotupata. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme, na tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa gizani kiasi cha miezi mitatu, kwa kuharibika njia iletayo umeme kutoka bara kupitia chini ya bahari. Njia mpya yenye nguvu zaidi ilianza kazi mwaka 2013, na hali ni bora kuliko zamani. Hata hivyo, akiishi mtu mahali ambapo umeme haujafika au hukatika mara kwa mara, kerezo la mguu litamlisha siku ambazo la umeme limelala.

Ukikagua kerezo, fanya majaribio haya manne. Kwanza, shika mhimili uutikise kwa nguvu. Ukicheza, beringi zimekwisha. Pili, sogeza ncha ya nyuma mpaka ikutane na ncha ya mbele. Zisipogusana sawasawa, mti hautakaa katikati. Tatu, pima nafasi baina ya ncha mbili. Mguu wa kitanda wa inchi 30 hauingii katika kerezo la inchi 18, hata ukibembelezwa. Nne, jaribu kuliinua. Kerezo zito la chuma cha kusubu ni bora kuliko jepesi, maana jepesi hutetemeka, na mtetemeko huacha alama katika mti.

3. BOBARI NA PATASI

Muuzaji atakuonyesha sanduku zuri lenye vyombo kumi au kumi na viwili, vyote vinang'aa. Usishawishike. Mwenye kuanza hahitaji zaidi ya vyombo vitano:

(a) Bobari pana ya kiasi cha inchi tatu robo, ya kuufanya mti wa pembe nne uwe wa duara.
(b) Bobari nyembamba ya milimita 10, ya kuchimba mabonde na kufanya mapambo.
(c) Patasi ya mshazari, yenye makali pande zote mbili, ya kulainisha.
(d) Patasi nyembamba ya kukatia, ya milimita 3, ya kutenga vipimo na kukata mwisho wa kazi.
(e) Patasi ya kukwangulia yenye ncha ya duara.

Ukitaka kufanya mabakuli, nunua baadaye bobari ya bakuli, ambayo chuma chake ni kinene, cha mviringo na chenye mfereji wa kina. Angalia sana hapa: ile bobari pana ya (a) isitumike kamwe kwa bakuli. Shina lake liingialo katika mpini ni jembamba. Nyuzi za mti wa bakuli zikiinasa, shina huvunjika na chuma huruka. Muuzaji asiyekuambia neno hili, ama halijui ama hakujali.

Kisha tazama chuma. Chuma cha kawaida kilichotiwa matiko hupata makali mazuri, lakini kikipata moto katika jiwe la kunolea hugeuka rangi ya buluu, na hapo matiko yamekwisha na makali hayadumu. Chuma kigumu cha siku hizi huandikwa herufi HSS ubavuni mwake. Hicho huvumilia moto mwingi zaidi na hudumu na makali kwa muda mrefu. Bei yake ni kubwa, lakini vyombo viwili vya HSS vina faida kuliko kumi vya chuma laini. Wapishi husema rahisi huvunja upishi. Na katika karakana pia rahisi huvunja kazi.

4. VITU VYA KUSHIKIA MTI

Katika sehemu hii ndipo wengi wanapopotea, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na kerezo dogo, na mavuno ya nazi yalipokuwa mazuri nilikwenda kununua kibanio cha meno manne cha kushikia bakuli. Muuzaji hakuniuliza kitu, nami sikumwuliza. Nilipofika nyumbani, kibanio kilikuwa na hesi ya milimita 33, na mhimili wa kerezo langu ni wa inchi 1. Kilipwaya kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Nilipokirudisha, niliambiwa kwamba kilichouzwa kimeuzwa. Fedha za mavuno mazima zilikaa juu ya rafu, na mwaka ule watoto walivaa nguo za skuli za mwaka uliopita.

Basi wewe usikosee hivyo. Kila mhimili una vipimo viwili, navyo ni unene wake na wingi wa hesi zake. Vipimo vilivyo vya kawaida ni inchi 1 yenye hesi 8 kwa kila inchi. Milimita 33 ambayo kila hesi ina milimita 3 na nusu. Na inchi tatu robo yenye hesi 16 kwa kila inchi. Viko vibanio vyenye pete ya hesi inayobadilishwa; hivyo ni bora, kwa kuwa ukinunua kerezo jingine baadaye utabadilisha pete tu.

Ndani ya mhimili, na ndani ya kichwa cha nyuma, mna tundu lenye kupungua upana kidogo kidogo. Kipimo chake huitwa kwa jina la Morse, Mmarekani aliyekibuni katika karne ya 19. Makerezo madogo huwa na namba 1, na makubwa zaidi huwa na namba 2. Ncha ya namba 2 haiingii katika tundu la namba 1.

Dawa ya yote haya ni nyepesi. Andika vipimo vya kerezo lako katika kipande cha karatasi, ukiweke pamoja na fedha zako. Kama hujui kupima, fungua kile kipande cha chuma kilichokuja na kerezo, uende nacho dukani. Kwa kuanza, sahani ya chuma yenye matundu ya parafujo yatosha kushikia bakuli, na bei yake ni ndogo kuliko ya kibanio.

5. KUNOA

Usinunue chombo hata kimoja kabla hujaweka fedha za cherehe ya kunolea. Patasi butu haikati, bali hurarua mti na kumchosha fundi, naye hulaumu mti. Mbao za mnazi khasa humaliza makali upesi. Basi noa mara kwa mara na kidogo kidogo, wala usingoje mpaka mti uanze kutoa moshi.

6. MUUZAJI AFAAYE

Maduka ya vyombo yako Darajani na kwingineko mjini, na vingine huagizwa kutoka Dar es Salaam au ng'ambo. Usitazame ukubwa wa duka. Tazama mwenendo wa muuzaji. Muuzaji mwema hujulikana kwa alama hizi:

Kwanza, hukuuliza kabla hajakuuzia: unataka kukereza nini, mti gani, na kerezo lako lina vipimo gani. Pili, hukubali utoe chombo ukipime na ukishike mkononi. Tatu, ana vipuri, yaani mikanda, beringi na parafujo, au aweza kukuambia zipatikanapo. Nne, huandika vipimo katika risiti, na hukubali kurudishiwa kitu kisichoingia kama hakijatumika. Tano, na hii ndiyo alama kubwa, huweza kukuambia, "Hiki hukihitaji."

Ukimpata muuzaji wa namna hii, mshike kama unavyomshika mnunuzi mwaminifu wa mazao yako, hata kama mwenzake apunguza bei kidogo. Nawe pia mtendee haki: usitumie kitu kisha ukadai ni kipya.

7. MTI NA USALAMA

Mti mbichi hupasuka ukikauka. Ukishaupasua, paka nta au rangi katika ncha zake, uupange kivulini juu ya vijiti ili upepo upite. Hesabu kiasi cha mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mfenesi una rangi nzuri ya manjano na hukerezeka vema. Vumbi la mvule na la msaji huwasha pua na kifua, basi funika pua kwa kitambaa kizuri, na ufanye kazi penye upepo.

Kuhusu mwendo, kumbuka hesabu hii: unene wa mti kwa inchi, ukizidishwa kwa mizunguko ya dakika moja, usipite 9,000. Mguu wa kitanda wa inchi 3 usizidi mizunguko 3,000. Bakuli la inchi 10 lisizidi 900. Mti ambao haujawa duara uanzie chini zaidi ya hapo.

Vaa kinga ya uso. Usikereze ukiwa umevaa kanzu ya mikono mipana, shali wala mtandio unaoning'inia, maana kerezo halina huruma wala halijui kusimama likiitwa. Watoto wakae mbali. Geuza mti kwa mkono mara moja kabla hujawasha, uhakikishe kwamba haugusi kitu.

MWISHO

Mkulima mwenzangu, anza na kidogo. Kerezo moja madhubuti, vyombo vitano, cherehe moja, na karatasi ya vipimo kibindoni: hivyo vyatosha mwaka wa kwanza. Kibanio na bobari ya bakuli vinunuliwe kwa faida ya miguu ya vitanda uliyouza, wala si kwa fedha za chakula au za skuli. Ukifanya hivyo, siku mfenesi wako utakapoanguka hutasikitika peke yake, maana utajua ya kuwa ndani yake mna vitanda vinavyongoja.