Dadu Saba Mkobani

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne na mzee wa kanisa, alisafiri mwaka 2023 kwenda Minnesota, Marekani, kumsaidia mkaza mwana wake aliyejifungua mtoto wa kwanza. Kazi ya bibi twaijua sote: kumkanda mzazi, kupika uji, kumwogesha mtoto na kumbeba usiku ili wenyewe wapate usingizi. Wiki ya pili, alipokuwa akikusanya nguo za kufua, alikuta mfuko mdogo wa kitambaa ndani ya mkoba wa mwanawe. Akaufungua. Ndani mlikuwa na dadu saba, wala si dadu za ludo tulizozoea. Moja ilikuwa na pande nne, imechongoka juu kama paa la kibanda. Nyingine ilikuwa na pande nane, nyingine 12, na kubwa kuliko zote ilikuwa na pande 20, karibu iwe mviringo kama gololi, kila upande na namba yake. Chini ya dadu palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na jina la mtu asiyemfahamu, safu za namba, na maneno yanayohusu uchawi na majoka.

Usiku huo hakulala. Kulipokucha akatupigia simu. "Jamani, mwanangu anapiga ramli."

Hatutajifanya mashujaa: nasi tuliogopa. Tulimwombea kijana huyo, tukamwombea na mkewe, tena tukakemea. Baada ya hapo ndipo mmoja wetu akauliza, "Lakini amemwuliza mwenyewe?" Hakuwa amemwuliza. Basi akamwuliza, na sisi huku tukaanza kutafuta habari za dadu hizo. Tunawaletea tuliyoyapata, maana watoto wetu wengi sasa wanaishi ng'ambo, na baadhi yenu mtaukuta mfuko kama ule.

Mchezo wenyewe

Unaitwa Dungeons & Dragons, na ni mkubwa wa aina nzima ya michezo ya kuigiza ukiwa umeketi mezani. Jina lake lina maana ya magereza ya chini ya ardhi na majoka. Watu wanne au watano hukaa pamoja. Mmoja wao ndiye msimamizi: yeye husimulia mahali walipo, hali ya hewa, nani anakuja njiani, nini kinanguruma nyuma ya mlango. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na karatasi yake yaeleza mhusika huyo ana kiasi gani cha mambo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Zamani kila kipimo kilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida, hivyo kikawa kati ya 3 na 18.

Msimamizi akisema, "Mto umefurika, daraja limekatika," wachezaji hujibu watafanya nini. Mmoja atasema anaogelea. Je, atafika ng'ambo? Hapo ndipo dadu ya pande 20 hurushwa. Ikitoka namba kubwa amevuka, ikitoka ndogo maji yamemchukua na wenzake wamwokoe. Dadu hizo haziulizwi habari za kesho wala jina la mwizi. Kazi yake ni kumzuia mtu asijipe ushindi kila mara, kama watoto wetu wanapocheza vita na kila mmoja anadai hakupigwa.

Aliyewahi kuketi jikoni kwa bibi na kuitikia "Pakawa!" ataelewa upesi. Tofauti ni kwamba huku wasikilizaji nao wamo ndani ya hadithi, na sungura aweza kukataa kwenda kule bibi alikotaka aende.

Hakuna mshindi, na mchezo hauna lazima ya kwisha. Ndiyo sababu unaweza kudumu miaka. Profesa wa historia aitwaye Robert Wardhaugh, wa London, mji wa Kanada wenye jina sawa na ule wa Uingereza, alianzisha hadithi moja mwaka 1982, naye akaiendeleza kwa zaidi ya miaka 35. Walioanza nayo wakiwa vijana wameota mvi, na wengine wameleta watoto wao kucheza.

Ulitoka kwa fundi viatu

Mmoja wa waanzilishi, Gary Gygax, alikuwa baba wa watoto watano katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake katika kampuni ya bima, akawa anapata riziki kwa kutengeneza viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake. Usiku alicheza michezo ya vita na rafiki zake juu ya ramani. Mwenzake, Dave Arneson, aliishi Minnesota, jimbo lile lile alikokwenda mwenzetu, naye aliwaongoza rafiki zake kila mmoja awe mtu mmoja ndani ya hadithi badala ya kuamuru jeshi zima. Arneson alimwonyesha Gygax mwaka 1972. Gygax akaandika kanuni, na wa kwanza kuzijaribu walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise.

Mwaka 1974 wakatoa nakala 1,000 kwa dola 10 kila moja. Rafiki wa utotoni wa Gygax, Don Kaye, aliyetoa nusu ya mtaji wa kwanza, alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwanzoni mwa mwaka 1975 akiwa na miaka 36. Hakuyaona mafanikio yaliyofuata.

Lakini habari iliyotugusa zaidi sisi wanawake ni ya mke wa Gygax, Mary Jo. Miaka mingi kabla ya mchezo huu kutungwa, akiwa na mimba ya mtoto wa pili, aliona mumewe haonekani nyumbani jioni. Akaamini kwamba ana mwanamke. Akamfuata hadi nyumba ya rafiki, akashuka chini akiwa tayari kwa vita, akawakuta wanaume wameizunguka meza iliyotandikwa ramani. Kila anayesimulia kisa hicho hucheka. Sisi tulicheka pia, kisha tukanyamaza. Mwanamke mjamzito, peke yake nyumbani usiku baada ya usiku: je, kujua kwamba ni ramani wala si mwanamke kulimrudishia jioni zake? Miaka ya 1980 ndoa hiyo ilivunjika. Hatusemi mchezo ndio uliovunja, maana ndoa haivunjwi na jambo moja.

Wapo wengine ambao mchezo uliwaunganisha. Tracy Hickman na mkewe Laura walitunga hadithi za mchezo huu pamoja, wakiwa na watoto wadogo na mfuko mtupu. Tracy amesimulia mara nyingi kwamba waliziuza wapate fedha za kuwanunulia watoto viatu. Moja, iitwayo Ravenloft, ilitoka mwaka 1983 ikiwa na majina yao wote wawili.

Hofu ya akina mama

Mwenzetu hakuwa mama wa kwanza kutetemeka. Mwaka 1979 kijana wa miaka 16, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Michigan, alitoweka. Mpelelezi aliyekodiwa na familia alihisi kwamba amepotea katika mahandaki ya chuo akicheza mchezo huu, na magazeti yakalishika neno hilo. Kijana alipatikana jimbo jingine baada ya wiki kadhaa. Kumbe alikuwa amekimbia huzuni nzito na shinikizo la masomo. Mwaka uliofuata alijiua. Magazeti yaliyopiga kelele juu ya mahandaki hayakupiga kelele kiasi hicho juu ya huzuni.

Mwaka 1982 mwana wa Patricia Pulling, mama wa Virginia, alijiua nyumbani. Mama huyo aliamini kwamba mchezo ndio chanzo. Alikwenda mahakamani, kesi zikatupwa. Mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga, naye akazunguka akihutubia makanisa, polisi na televisheni. Wengi wamemdhihaki. Sisi hatuwezi. Mama aliyezika mwanawe atatafuta sababu mpaka ndani ya droo za nguo, na akikuta karatasi yenye maneno ya uchawi ataishika hiyo. Hata hivyo lazima tuseme yaliyothibitika: Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, chama cha wataalamu wa mambo ya kujiua cha nchi hiyo, na idara ya afya ya Kanada, wote walifikia uamuzi kwamba hakuna ushahidi kwamba mchezo huu husababisha watu kujiua. Hatari yenyewe ni kwamba mzazi akipambana na dadu, aweza kupita karibu na huzuni ya mtoto asiione.

Watengenezaji nao walitikiswa. Katika toleo la mwaka 1989 waliondoa majina ya mapepo na mashetani, wakayapa viumbe hao majina ya kubuni. Wakristo wengine walikuwa wamekwisha tunga mchezo wao mwaka 1984, uitwao DragonRaid, ambamo mchezaji hukariri mistari ya Biblia ili apigane na uovu. Mama ambaye dhamiri yake hairuhusu hadithi za wachawi nyumbani mwake hatumlaumu, kwa maana vitabu vya mchezo huu vina viumbe wa kutisha na picha ambazo sisi tusingempa mtoto wa miaka saba. Avisome kwanza mwenyewe, kisha aamue.

Ijumaa

Turudi Minnesota. Mama alipokwisha elezwa juu ya dadu, akamgeukia mkaza mwana wake, akitegemea kumkuta naye amefarijika. Binti alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akasema taratibu, "Mama, mimi siogopi mapepo. Naogopa Ijumaa."

Kila Ijumaa, kwa miaka minane, tangu wakiwa chuoni, mumewe alikwenda kwa rafiki saa moja jioni na kurudi saa nane usiku. Kabla ya mtoto hakuona shida. Sasa, akiwa na mshono na mtoto anayelia, saa hizo saba zilikuwa ndefu kuliko wiki. Alipowagusia dada zake wa kanisani, walimjibu, "Shukuru, afadhali hayo kuliko baa." Akanyamaza. "Ni kweli hayuko baa," alimwambia mama mkwe, "lakini nyumbani pia hayuko."

Jibu hilo la "afadhali kuliko baa" limewafunga wake wengi midomo, na sisi tumelitoa mara nyingi. Mume hupimwa kwa aliyoahidi, si kwa walevi wa jirani.

Mwenzetu hakumkalisha mwanawe chini siku hiyo. Alisubiri Ijumaa, akasema, "Mwanangu, leo walete hapa. Nitapika pilau." Wakaja wanne: dereva wa basi, muuguzi wa kike na mumewe, na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke mwaka uliotangulia, asiyefungua kinywa ila kusema asante. Mama akavuta kiti, ana mjukuu mapajani, akitazama kama mtu anayelinda nyumba. Anasema kilichomshangaza ni yule mjane. Katika hadithi alikuwa mjumbe wa mfalme, na mjumbe huyo alikuwa msemaji: alibembeleza, alitania, alibishana na askari kwa robo saa nzima, mpaka dereva wa basi akafuta machozi ya kucheka. Alikumbuka pia kwamba ni watu hao hao walioleta chakula na nepi siku binti alipotoka hospitali, kabla yeye mwenyewe hajafika.

Walipofika kwenye lango la mji, msimamizi, ambaye usiku huo alikuwa mwanawe, akasema lango lina bibi kizee anayelilinda. Akamtazama mama yake. "Mama, utajibu nini?"

Mama akawatazama watu wazima watano waliotaka kuingia mjini usiku bila hodi. Mtoto wake naye akamhesabu, maana msimamizi au si msimamizi, alikuwa mlangoni na wenzake. "Hamwingii," akasema. "Hamjaamkia." Dadu zikarushwa mara tatu, mjumbe wa mfalme akabembeleza kwa maneno matamu, na bibi hakutingishika. Ilibidi kijana awafundishe wenzake. Lango lilifunguliwa baada ya shikamoo ya tano.

Walipoondoka, saa nne na nusu, yeye na mwanawe waliosha vyombo pamoja. Hakumwambia aache. Alimwambia mkewe alichosema juu ya Ijumaa, neno kwa neno, kisha akaenda kulala akawaacha wawili hao jikoni. Walikubaliana Ijumaa mbili kwa mwezi, nyumbani kwao, mwisho saa nne, na Jumamosi moja binti atoke na rafiki zake mwenyewe naye baba abaki na mtoto. Mwezi wa kwanza aliteleza: walikaa mpaka saa sita. Binti alitoka chumbani akiwa na mtoto, akamweka mapajani mwa baba yake bila neno, akarudi kulala. Mchezo uliisha dakika ile ile.

Mwenzetu amekwisha rudi nyumbani. Mwanawe anasema hadithi yao ingali inaendelea, na wakipita tena kwenye lango lile, hakuna anayetaka kumwigiza yule bibi. Humpigia simu.