Itikadi au Maradhi ya Akili? Funzo la Kesi ya Oslo

Mnamo tarehe 22 Julai, 2011, mtu mmoja alilipua bomu mbele ya majengo ya serikali mjini Oslo, Norwei, akaua watu 8. Alasiri hiyo hiyo, akiwa amevaa sare bandia ya polisi, alivuka hadi kisiwa cha Utøya, walikokuwa wamepiga kambi vijana wa Chama cha Leba, akaua wengine 69. Mtu huyo, Anders Behring Breivik, alikuwa ametunga waraka wa kurasa zaidi ya 1,500, akidai kuilinda Ulaya ya Kikristo dhidi ya Uislamu.

Je, alisukumwa na itikadi au na maradhi ya akili? Jibu lilikuwa na uzito mkubwa. Kwa sheria ya Norwei ya wakati ule, mtu aliyetenda kosa hali akili yake imetengana na uhalisi hakuadhibiwa, bali alipelekwa kutibiwa.

Wataalamu wawili wa maradhi ya akili walimchunguza, na mwaka 2011 wakatoa taarifa kwamba ana skizofrenia. Wengine wawili walimchunguza upya, na mwaka 2012 wakasema kwamba tabia yake ina kasoro, hasa ya kujitukuza, lakini akili yake ni timamu. Ajabu ni kwamba waendesha mashtaka waliomba apelekwe hospitalini, ilhali mshtakiwa mwenyewe alishikilia kuwa ni mzima.

Tofauti ilitokana na namna ya kupima. Mawazo yanayoonekana kuwa ya kichaa yakitazamwa peke yake huenda yakawa ni imani ya kundi zima la watu. Mahakama ilizingatia kwamba mengi aliyoyasema yalisemwa pia na wafuasi wengine wa siasa kali. Tarehe 24 Agosti, 2012, ilimhukumu kifungo cha miaka 21, kinachoweza kuongezwa iwapo angali hatari kwa jamii.

Hata hivyo, kesi moja haithibitishi kanuni. Mwaka 2015, watafiti Emily Corner na Paul Gill walilinganisha washambuliaji 119 waliotenda peke yao na wenzao wa vikundi. Karibu theluthi moja ya wale wa kwanza walikuwa na historia ya maradhi ya akili. Miongoni mwa watu wa vikundi idadi hiyo ilikuwa ndogo mno. Lakini hata wagonjwa hao walipanga mashambulio yao kwa makini kama wasio wagonjwa. Ugonjwa, basi, hauondoi itikadi, wala itikadi haiondoi ugonjwa.

Mwanafunzi wa sayansi anajua kwamba moto huhitaji kuni, hewa na joto. Kimojawapo kikikosekana, hauwaki. Kadhalika, itikadi humwonyesha mtu adui na kumhalalishia kuua. Nafsi iliyojeruhika humfanya aipokee. Silaha na upweke humpa nafasi.

Yafaa ikumbukwe kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na waumini wengi vivyo hivyo. Anayelaumu dini tu humwonea jirani mwenye imani. Anayelaumu ugonjwa tu humwonea mgonjwa, na kuwaachilia wanaoeneza chuki. Wote wawili huchelewa kuutambua moto kabla haujawaka.