Jenereta za matrela Marekani: Wati za kwenye boksi haziwashi kiyoyozi

BIASHARA ya jenereta ndogo za kubebeka ina mteja mmoja ambaye wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hawamfikirii. Huyo ni Mmarekani mwenye trela la kulala.

Trela hilo ni chumba cha magurudumu kinachokokotwa na pikapu, chenye vitanda, jiko, choo, jokofu na kiyoyozi juu ya paa. Likiegeshwa kwenye kambi yenye umeme, mwenyewe huchomeka waya mmoja na kila kitu hufanya kazi. Likiegeshwa jangwani au kando ya ziwa pasipo nguzo ya umeme, jenereta ndiyo hushika nafasi hiyo.

Mteja huyu anafaa kuangaliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa wanunuzi wakuu wa jenereta zisizo na kelele, na namna anavyochagua humfundisha muuzaji wa mahali popote. Pili, jenereta zilizotumika huuzwa tena huko kwa bei ya kuvutia, na mtu anayepakia kontena la kurudi nyumbani hushawishika kuziongeza kwenye mzigo. Asiyejua hesabu zake anaweza kupoteza fedha katika pande zote mbili.

Hesabu huanzia kwenye kiyoyozi

Matrela mengi ya Marekani yamefungwa nyaya za ampea 30 kwa umeme wa volti 120. Ukizidisha, unapata wati 3,600, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho trela la aina hiyo linaweza kuvuta kwa wakati mmoja. Matrela makubwa hufungwa ampea 50 kwa njia mbili, yaani wati 12,000, lakini hayo si wateja wa jenereta ya kubeba kwa mkono.

Matumizi ya kawaida ndani ya trela ni kama ifuatavyo:

Taa, pampu ya maji na kuchaji betri: wati mia chache
Jokofu likitumia umeme: wati 300 hadi 400
Mashine ya kahawa: wati 800 hadi 1,000
Maikrowevu: wati 1,500 hivi
Kiyoyozi cha BTU 13,500: wati 1,500 hivi kikiwa kinafanya kazi

Tatizo liko kwenye mstari wa mwisho. Mota ya kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi sana, na kiyoyozi hicho kinaweza kuhitaji wati 3,000 au zaidi. Jenereta isipoweza kutoa kiasi hicho kwa kitambo hicho kifupi, hujizima, hata kama ina uwezo wa kukiendesha kiyoyozi kutwa nzima baada ya kuwaka.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi huwa ni ya kilele, yaani kiasi ambacho mashine inakitoa kwa muda mfupi tu. Namba ya kazi ya kudumu huwa chini yake, na mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo. Mfano ni Honda EU2200i. Namba 2,200 iliyo katika jina lake ni wati za kilele, na kazi ya kudumu ni wati 1,800. Peke yake haitegemewi kuwasha kiyoyozi cha BTU 13,500, isipokuwa kiyoyozi hicho kimefungwa kifaa cha kupunguza mshtuko wa kuanza.

Wenye matrela wamepata njia yao. Hununua mbili na kuziunganisha kwa waya maalumu, hivyo kupata wati 3,600 za kudumu, ambazo ni sawasawa na ampea 30 za trela. Kila moja ina uzito wa kilo 21 hivi, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuzipakia bila msaidizi. Siku isiyo na joto huwasha moja tu.

Mwinuko nao hula nguvu

Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Jenereta yenye wati 3,500 za kilele huwasha kiyoyozi bila taabu pwani ya Florida. Ikipelekwa Denver, kwenye mwinuko wa mita 1,600, hubakiwa na karibu wati 2,850, na kiyoyozi kilekile kinaweza kugoma. Muuzaji wa Arusha, Nairobi au Mbeya anapaswa kuikumbuka hesabu hii kabla ya kumwahidi mteja.

Kwa nini ukimya una bei

Jenereta ya kawaida ya fremu wazi lazima izungushe injini kwa kasi ileile, mizunguko 3,600 kwa dakika, iwe inawasha taa moja au kiyoyozi. Jenereta ya inveta hutengeneza umeme kisha huusahihisha kwa vifaa vya elektroniki, hivyo injini inaweza kupunguza kasi mzigo ukiwa mdogo. Matokeo yake ni kelele ndogo na petroli kidogo.

Tofauti ya bei ni kubwa. Jenereta ya fremu wazi yenye wati 3,500 hupatikana Marekani kwa chini ya dola 500, wakati EU2200i moja huuzwa zaidi ya dola 1,000. Wapo wanaonunua ile ya kwanza na kujutia, kwani kambini kuna sheria. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza mashine inayozidi desibeli 60 ikipimwa umbali wa mita 15. Katika kambi za Yellowstone zinazoruhusu jenereta, muda ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Yosemite ni kali zaidi: saa 1 hadi 3 asubuhi, saa 6 hadi 8 mchana, na saa 11 hadi 1 jioni. Mwenye mashine ya kelele hata muda huo mfupi unaweza kumponyoka.

Gharama ya petroli nayo inahesabika. EU2200i ina tangi la lita 3.6, linalodumu saa 3.2 kwa mzigo kamili wa kudumu na saa 8.1 kwa robo ya mzigo. Kwa hesabu hiyo, uniti moja ya umeme hula lita 0.6 mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote, na karibu lita moja mzigo ukiwa mdogo. Anayewasha jenereta kwa ajili ya taa peke yake analipa uniti ghali kuliko zote.

Betri zinaingia sokoni

Kutokana na gharama hizo, betri za lithiamu na paneli za jua zimeanza kuchukua sehemu ya kazi. Lakini hazijaimaliza. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba uniti 1.28 hivi, na kiyoyozi cha wati 1,500 huimaliza katika muda usiofika saa moja. Ndiyo maana wengi huchanganya: betri kwa usiku, jenereta kwa kiyoyozi na kwa kuchaji siku za mawingu.

Wawekezaji wadogo wanaofuatilia hisa za New York, ambako kampuni za Thor Industries na Winnebago zimeorodheshwa, wanajua pia kuwa soko hili hupanda na kushuka kwa kasi. Magari na matrela ya kulala yaliyotoka viwandani Marekani Kaskazini yalizidi 600,000 mwaka 2021, yakaanguka hadi 313,000 hivi mwaka 2023, kisha yakafikia karibu 334,000 mwaka 2024. Aidha, Desemba 2021 mamlaka ya hewa ya jimbo la California ilipitisha kanuni iliyopanga jenereta mpya za kubebeka zisizotoa moshi kuanzia toleo la mwaka 2028. Anayetegemea injini ndogo za petroli pekee ana sababu ya kugawa mtaji wake.

Moshi usioonekana

Hasara kubwa kuliko zote si ya fedha. Eksozi ya jenereta hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani imekadiria kuwa gesi hiyo ya jenereta za kubebeka huua watu wapatao 100 nchini humo kila mwaka. Ushauri wake ni kuiweka jenereta nje, angalau mita 6 kutoka mahali watu wanapolala, eksozi ikielekea upande mwingine. Kuiweka chini ya trela, barazani au ndani ya duka lililofungwa ni hatari, hata mlango ukiachwa wazi.

Mashine mpya nyingi zina kifaa kinachozima injini gesi hiyo ikizidi. Za mtumba za miaka ya nyuma hazina.

Kabla ya kutoa fedha

Kwa anayefikiria kuleta mtumba wa Marekani, kikwazo cha kwanza ni umeme wenyewe. Jenereta hizi hutoa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya volti 240, zote kwa mizunguko 50. Jokofu la nyumbani halitafanya kazi kwa volti 120, na transfoma ya kupandisha volti haibadilishi mizunguko. Bei ya mtumba ikionekana rahisi, iongezwe hasara hiyo kwanza.

Kwa jenereta ya aina yoyote, mnunuzi aulize haya:

1. Wati za kudumu ni ngapi, na za kilele ni ngapi?
2. Kifaa chenye mota kubwa kuliko vyote huhitaji wati ngapi kuanza?
3. Itatumika kwenye mwinuko gani?
4. Lita moja ya petroli inatoa uniti ngapi kwa mzigo wa kila siku?
5. Volti na mizunguko vinalingana na vifaa vilivyopo?
6. Itawekwa wapi, na moshi utaelekea wapi?

Muuzaji anayeweza kuyajibu yote sita kwa namba hatarudishiwa mashine wiki inayofuata.